Mpini wa Marehemu

Nilipoacha kazi katika kambi moja ya wageni karibu na lango la Ikoma, nilirudi nyumbani Mugumu na vitu vitatu ambavyo mke wangu hakuvielewa: nusu gunia la vizibo vya chupa za mvinyo, fito mbili nyembamba za kuvulia samaki, na rili moja ya kizamani, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, niliyoifunga ndani ya soksi.

Kambini nilikuwa fundi wa matengenezo. Mabomba, jenereta, vitasa, taa za sola, chochote kilichokataa kufanya kazi kililetwa kwangu. Vizibo nilivikusanya jikoni kwa sababu ya mzee mmoja mgeni aliyekuwa akija kila kiangazi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba vizibo vikitobolewa katikati, vikaunganishwa kwa gundi na kusuguliwa kwa msasa, vinakuwa kishikio kizuri cha fimbo ya kuvulia. Mzee yule hakuja kuangalia simba. Wenzake wakiondoka na magari asubuhi, yeye alikuwa anakuja nyuma ya karakana yangu, anafungua rili, anapaka mafuta, anafunga. Alinifundisha kurusha pale pale kwenye nyasi, bila maji wala samaki. Unashika mpini kwa mkono mmoja, dole gumba linakandamiza mshipi kwenye rili, unarudisha fimbo nyuma, unaipeleka mbele, na dole gumba linaachia kwa wakati wake. Ukiachia mapema, chambo kinakwenda juu kama jiwe la manati. Ukichelewa, kinaanguka miguuni mwako.

Mwaka wa mwisho gari la kambi lilipita juu ya mpini wake na kuupasua. Fito na rili alizobaki nazo akaniachia mimi.

"Mipini ya namna hii haitengenezwi tena," aliniambia. "Ya siku hizi imenyooka kama ya ufagio. Ukiuona wa zamani mahali popote, usiuache."

Mwaka uliofuata hakuja, wala mwaka uliofuata huo.

Mpini wa zamani, kwa ambaye hajauona, ni kipande kimoja cha alumini kilichomiminwa. Katikati una bonde ambamo rili inakaa chini kidogo, karibu na dole gumba. Chini ya bonde kuna mkia mdogo uliopinda kama kifyatulio cha bunduki, na kidole cha shahada kinauzunguka. Mbele kuna tundu lenye kikazio. Unachomeka ufito, unakaza, na ukitaka unautoa na kuweka mwingine. Nyuma ndiyo kishikio chenyewe, cha koki, gome lile lile la vizibo vya mvinyo.

Nilijaribu kuchonga wa mti. Wa kwanza niliuchonga kwa mninga, ukapasuka kwenye bonde. Wa pili niliuchonga kwa mti mgumu zaidi, haukupasuka, lakini ulikuwa mzito kama mchi. Ndipo nikawaza wale mafundi wa Tarime wanaoyeyusha alumini na kumimina sufuria. Nikapanda gari nikaenda. Fundi niliyemkuta alinisikiliza huku mkaa wake ukiwaka, akaniuliza swali moja tu.

"Sampuli iko wapi?"

Sikuwa nayo. Akaniambia bila kitu cha kukandamiza kwenye mchanga hawezi kumimina. Akanielekeza nikaulize kwa wanunuzi wa vyuma chakavu nyuma ya soko.

Nilikwenda kwa watatu. Wawili walinionyesha mipini ya majembe. Wa tatu alikuwa mtu wa upande wa Sirari, mwenye ndugu huku na huku mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na cha Kenya. Nilimchorea mpini kwenye vumbi kwa kijiti. Aliutazama mchoro muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akaufuta kwa kiatu.

"Hiyo kitu naijua, mura," akasema. Mura ndivyo wanaume wanavyoitana huku. "Iko Manchira, kwa mama mmoja mzee karibu na maji ya bwawa. Imening'inia juu ya mlango."

"Ulitaka kuinunua?"

"Nilitaka niipime kwa kilo. Akakataa. Akaniuliza, wewe umetumwa ama umekuja mwenyewe? Nikamwambia nimekuja mwenyewe. Akasema basi, ngoja mpaka utumwe."

Akainama kufunga gunia lake la makopo.

"Mimi sijarudi huko," akasema.

Siku iliyofuata nilichukua pikipiki kutoka Mugumu hadi Manchira. Ilikuwa kama saa saba mchana, jua limesimama, na bwawa lilikuwa limetulia kiasi kwamba mawingu yalionekana ndani yake bila kuvunjika. Nyumba ya yule mama ilikuwa peke yake juu ya mteremko, ya matofali ya kuchoma, mlango ukitazama maji. Alikuwa ameketi uani anapepeta ulezi kwenye ungo. Mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuacha kupepeta. "Umetumwa au umekuja mwenyewe?"

Sikuwa nimesema nimefuata nini. Nilisimama pale na kofia mkononi, na kwa sababu nisiyoijua vizuri nikamkumbuka yule mzee wa kambini.

"Nimetumwa," nikasema.

Hakuniuliza nani. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akaniita kutoka gizani. Macho yangu yalichukua muda kuzoea. Mpini ulikuwa juu ya mlango, kwa upande wa ndani, umetundikwa kwenye misumari miwili, na ncha yake imeelekezwa nje, kwenye maji.

"Ni wa mume wangu," akasema. "Alikuwa dereva wa wazungu waliokuwa wakipima mito. Walimwachia. Sasa ni miaka mitano tangu afariki."

Niliushusha. Ule ukuta ulikuwa na vumbi, misumari ilikuwa na vumbi, buibui alikuwa amejenga toka msumari mmoja hadi mwingine. Mpini haukuwa na vumbi. Koki yake ilikuwa nyeusi na yenye kung'aa, kama kishikio cha kitu kinachotumika kila siku.

"Mama, huwa unaufuta?"

"Mimi siushiki," akasema.

Nikaufunga mkono wangu juu yake. Kishikio kilikuwa kimelika upande mmoja, shimo la kiganja cha mtu mwingine, na kiganja changu kikaingia mle chenyewe. Kilipoingia, kifundo cha mkono wangu kiligeuka kidogo kwa nje. Sikukigeuza mimi. Nilijaribu kukinyoosha, nikahisi kama nimevaa kiatu mguu usio wake.

"Ukautumie," mama akasema. "Usiuweke tu ndani. Na samaki usiniletee."

Nilimwambia ninataka tu kuukopa ili fundi aupige kopi. Akanitazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Utautumia," akasema, akarudi kwenye ulezi wake.

Fundi wa Tarime aliukandamiza kwenye mchanga siku ileile nilipoupeleka, akamimina mitatu mfano wake. Niliisugua kwa tupa wiki nzima, nikaivalisha koki za vizibo vyangu. Mke wangu alisema ni mizuri. Kweli ilikuwa mizuri. Lakini ule wa marehemu ndio nilioufunga kwanza kwenye ufito, nikachomeka ile rili, nikaenda nao Manchira.

Kuna njia ya miguu inayoshuka kutoka upande wa nyumba ya yule mama. Niliifuata kwa sababu ilikuwepo. Iliishia kwenye jiwe bapa linaloingia majini, na pembeni mwa jiwe kulikuwa na kiraka cha udongo mtupu, mahali pa miguu miwili, ambapo nyasi hazikuota. Nikasimama hapo. Nilikuwa na samaki wa bati, chambo cha bandia nilichotengeneza kwa kijiko. Nikarusha.

Yule samaki wa bati alikwenda mbali, akaanguka bila kelele. Nikaacha azame. Mshipi ukalegea, halafu nikasikia kupitia ufito, si kwa sikio bali kwa mfupa wa mkono, mgongano mdogo. Jiwe. Nikavuta, nikarusha tena. Alianguka palepale. Najua ni palepale kwa sababu mawimbi ya kwanza yalikuwa bado hayajaisha, na ya pili yakatokea katikati yake. Tena ule mgongano. Nikarusha mara ya tatu nikijitahidi kumpeleka kushoto. Palepale.

Mimi ni fundi. Nilikaa juu ya jiwe nikaliwazia jambo hilo, na maelezo nikayapata. Lile shimo la kishikio linakishika kiganja kwa namna moja tu. Kiganja kikikaa namna moja, kifundo kinageuka namna moja, na dole gumba linaachia kwa wakati mmoja. Mtu aliyerusha kwa miaka mingi kwenda mahali pamoja alikuwa ameuchonga mpini kwa mkono wake mpaka ukakariri. Nilijaribu mpini wangu mpya, ule wa kopi, na chambo kikaenda huku na huko kama cha mwanafunzi. Nikarudisha ule wa zamani. Palepale.

Maelezo yale yaliniridhisha mpaka nilipofika nyumbani.

Nilirudi wiki ile, na wiki iliyofuata. Nilipoteza samaki wa bati wawili, ndoana zikinasa kwenye lile jiwe la chini. Sikupata hata kambare mmoja. Ng'ombe waliokuwa wakiletwa kunywa walipitia mbali, na siku moja mchungaji wao, mwanaume wa rika langu mwenye koti la mvua licha ya jua, alinisogelea akasimama hatua kama kumi.

"Nilidhani ni mzee," akasema. "Unasimama kama yeye."

"Mzee yupi?"

Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya juu. "Alikuwa anakuja hapa kila siku. Anarusha mara saba, anakunja, anaondoka. Kama wewe."

"Mimi sihesabu," nikamwambia.

"Nimekaa pale tangu umefika," akasema. "Umerusha mara saba na sasa unakunja."

Nikatazama mikono yangu. Rili ilikuwa imekunjwa, mshipi umefungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku nzima ilikuwa mbele yangu, na nilikuwa nimeshageuka kuelekea njiani.

"Kwa nini ng'ombe hawanywi hapa?" nikamuuliza, ili niulize kitu.

"Hawataki," akasema, akawafuata.

Usiku ule sikumwambia mke wangu. Alinianza yeye asubuhi nilipokuwa nikifunga vitu kwenye pikipiki.

"Huyo samaki unayemfuata ni wa aina gani?" akauliza. "Mwezi mzima unakwenda, hurudi hata na magamba."

"Nafanyia majaribio mpini."

"Na ndoana je? Hizo za nini humo?"

Alikuwa ameshika koti langu, analitingisha. Mfukoni kulikuwa na kikopo changu cha ndoana. Alikifungua mbele yangu. Zilikuwemo zote, kumi na mbili, na karatasi ya dukani haijachanwa. Nilikuwa nimezinunua baada ya kupoteza yule samaki wa bati wa pili. Nikajaribu kukumbuka nilichokuwa nikifunga kwenye mshipi siku zote zilizofuata, na nikaona vidole vyangu vikifunga nati. Nati kubwa ya chuma, ya kwenye boksi la spea, bila kitu kingine. Wiki mbili nilikuwa nikirusha nati tupu majini, na sikuwa nimeliona hilo kuwa jambo la ajabu.

"Rudisha hicho kitu kwa mwenyewe," mke wangu akasema. Hakupandisha sauti. "Leo."

Nilikwenda. Yule mama alikuwa uani, safari hii hana kazi yoyote mikononi, amekaa tu kwenye kigoda kana kwamba tulipanga. Nilimsalimia, nikaketi chini, nikamweleza yote: mahali pamoja, mara saba, nati. Nilipofika kwenye nati alifumba macho.

"Yeye alikuwa anafunga plagi," akasema. "Plagi za gari zilizokufa. Alikuwa na debe zima, maana nyingi hazikurudi. Ndoana hakuwahi kufunga."

"Alikuwa anavua nini?"

"Hakuwa anavua. Alikuwa anasalimia."

Akanisimulia polepole, akichanganya Kiswahili na maneno ya kwao, akirudia pale nilipokosa kuelewa. Kabla ya bwawa, boma la wazazi wa mume wake lilikuwa chini kule, palipo na maji sasa. Uani mwa boma hilo walizikwa saba: mama yake, na watoto sita wa mama yake waliokufa wadogo. Mume wake alikuwa wa saba kuzaliwa, akapona yeye tu. Maji yalipokaribia, watu walihamia juu na wengi walihamisha watu wao. Yeye alikataa. Mama yake alishamwambia kabla ya kufa kwamba akilala asiamshwe tena, alikuwa amechoka.

"Nikamwambia, utamwacha mama yako ndani ya maji? Akasema, mama alisema asiamshwe. Basi. Maji yakaja." Alikunja upindo wa kanga yake. "Baadaye ndipo akaanza kuhangaika. Hakulala. Akakumbuka hicho kifimbo cha wazungu. Katikati ya ua kulikuwa na jiwe la kusagia la mama yake, kubwa, la kukaa mahali pamoja. Akawa anakwenda kulibishia hodi. Mara saba, mmoja mmoja, kwa majina. Akirudi alikuwa anakula vizuri."

"Na wewe ulikuwa unakwenda naye?"

"Mimi naogopa maji. Sijawahi kushuka pale hata siku moja."

Nikaweka mpini mapajani mwake. Hakuushika. Aliuacha ulale kwenye kanga kama paka wa mtu mwingine.

"Tangu afariki nilikuwa nasikia," akasema. "Mchana, mimi nikiwa hapa. Kama mtu anayegonga mlango kwa mbali, hafunguliwi. Si mlango wangu. Chini. Ulipoanza kwenda wewe, ikaacha."

Nilitazama chini kule. Upepo ulikuwa haupo, na bwawa lilikuwa limelala mbele yetu kama bati jipya.

"Sasa nikiacha?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Mimi si mganga. Nakwambia ninachosikia."

Niliuchukua tena mpini nikaondoka nao. Mke wangu alikasirika, kisha nilipomsimulia hasira zikaisha. Tulikubaliana niende mara moja kwa wiki, mchana, na nimwambie nikitoka na nikirudi. Nikaenda hivyo miezi iliyofuata. Sikujidanganya tena na ndoana, na kila safari nati moja au mbili zilinasa chini zikakatika. Majina sikuyajua, kwa hiyo nilisema tu "hodi" kila nati ilipogonga jiwe, kwa sauti ya chini ili mchungaji asinisikie. Nilijisikia mjinga mwanzoni. Baadaye sikujisikia mjinga, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Bwawa likaanza kurudi nyuma, kwanza hatua chache, kisha siku kwa siku likaacha ukanda mweusi wa tope lililopasuka. Wiki moja nati yangu iligonga jiwe na nikaiona ikigonga. Kulikuwa na kitu kama mgongo wa kiboko juu ya maji. Wiki iliyofuata lilikuwa jiwe kamili, juu ya tope, limekauka.

Nilipanda kwa yule mama kumwambia. Alikuwa ameshavaa viatu vya mpira.

Tulishuka saa tatu asubuhi. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaung'ang'ania kwelikweli, na kila tulipokanyaga tope akasimama kwanza. Mchungaji alituona kutoka mbali, akavua kofia ya koti lake, hakusogea. Ua ulikuwa unaonekana vizuri zaidi tulipokuwa ndani yake: mstari wa visiki vya zizi, mafiga matatu, na viinuko vidogo ambavyo mama alivitambua akavipita kwa pembeni, akiniongoza sasa yeye. Hapakuwa na harufu ya samaki wala ya matope. Palinukia kama chumba kilichofungwa.

Jiwe la kusagia lilikuwa katikati, kubwa, limeinama kidogo, na sehemu ya kusagia imelika ikawa shimo refu. Lile shimo lilikuwa limejaa plagi. Zilikuwa mamia, zenye kutu, zimelala zote upande mmoja, vichwa vya kauri vikitazama nyumba ya juu. Hapakuwa na hata moja chini kwenye tope kuzunguka jiwe, nami najua mtu hata akiwa na mkono uliokariri kiasi gani hawezi kupata kila mara. Juu yake zilikuwa nati zangu. Na kwenye ukingo, wamewekwa sambamba, wale samaki wangu wawili wa bati. Ndoana zao hazikuwepo. Huenda ziling'oka nilipokuwa nikivuta kwa nguvu. Nimeamua kuamini hivyo.

Mama hakushangaa, au mshangao wake alikuwa ameumaliza zamani. Aliinama akaweka kiganja juu ya plagi, kama unavyopima joto la mtoto.

"Basi zilikuwa zinafika," akasema.

Akaanza kuita majina. Alianza na la mama mkwe wake, kwa heshima, kisha yale sita ya watoto, kila moja likifuatwa na kimya kifupi. Mimi nilisimama nyuma na kofia mkononi. Alipomaliza aliongeza jina la mume wake, ingawa yeye alizikwa juu, karibu na nyumba. Hapo tulisikia wote wawili mgongano mmoja chini ya jiwe, mzito, mkavu, kama mtu anayefunga kitasa kutoka ndani. Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema jua limekuwa kali, turudi.

Uani kwake nilimmwagia maji akaosha miguu. Ndipo aliponiambia mpini ni wangu sasa.

"Ila hicho kishikio kibadilishe," akasema. "Kitoe chote. Mkono wake umeshapumzika. Wewe una mkono wako."

Nilifanya hivyo Jumamosi, kwenye benchi langu, mlango wa karakana ukiwa wazi na jua likiingia. Koki ya zamani ilikatika kwa kisu kama mkate. Ilipofunguka ilitoa harufu ya jasho la mtu, mafuta ya gari na tumbaku, harufu mbichi kabisa, ya mtu aliyetoka nje dakika hiyo hiyo. Niligeuka kumtazama. Kisha nikaendelea kukata. Nilivalisha mpini vizibo vyangu, nikavisugua mpaka vikakaa mkononi mwangu, na niliporusha nao bwawani upande wa pili, mbali na lile jiwe, chambo kilikwenda nilikotaka kiende. Siku ya tatu nilileta sato wawili. Mke wangu aliwachunguza vizuri kabla ya kuwakaanga.

Vile vipande vya koki nilivikusanya kwenye kopo la kahawa. Sikujua nivifanyeje. Niliwaza kuviwasha jikoni, mke wangu akasema hapa kwangu hapana. Kwa hiyo nikavipeleka Manchira, mvua zikiwa zimeanza tena na maji yamelifunika jiwe. Mama alikuwa barazani. Akafungua kopo, akalinusa kwa muda mrefu, akalifunga, akaingia nalo ndani. Nilimsikia akisema maneno machache humo, sauti ya mtu anayemwambia mwenzake sogea kidogo. Halafu akatoka na birika na vikombe vitatu, akamimina vyote vitatu, na tukazungumza habari za mahindi mpaka mvua ikapungua.